Wakwe Wawili, Lundo Moja

Niwaulize kitu kabla hamjaanza kusinzia. Watu wawili wamechuma kahawa kutwa, wameimwaga kwenye lundo moja, jioni umepima ukakuta madebe manane. Nani kachuma nyingi?

Naona mama mmoja pale anahesabu kwa vidole. Acha vidole, mama. Haijulikani. Yaweza kuwa manne kwa manne, yaweza kuwa saba kwa moja. Hata ukiwa na akili za kugawia majirani, kwa habari hiyo moja hujui.

Sasa sikilizeni. Mjane mmoja alikuwa na shamba la kahawa huko milimani. Wanawe wawili walikuwa kazini mbali, wake zao wamebaki naye kuchuma. Na kwenye ukoo ule kuna mwiko: mavuno ya nyumba moja hayapimwi mbalimbali. Ukimpimia huyu lake na huyu lake, umeigawa nyumba. Basi wale wakwe walichuma kutwa, jioni wakamwaga lundo moja kibandani, mama mkwe akapima. Madebe manane. Kesho yake manane.

Mkwe mkubwa alirudi nyumbani kwa njia ya barabarani, kashika kiuno, akimgunia kila anayemsalimia. "Hujambo?" "Sijambo ya wapi, mgongo huu!" Mkwe mdogo alipitia bondeni kuteka maji, akafika kimya, akawasha moto. Nani atamhurumia mtu asiyeguna?

Jirani akaja kwa mama mkwe. "Shoga yangu, nyumbani kwako una punda mmoja na malkia mmoja."

"Hata mimi nimeanza kuona," mama akasema.

Kuona nini? Hakuwahi kukanyaga shambani msimu ule. Lakini Jumapili akasikia tena kwa wenzake wa kwaya, na kwenye foleni ya mashine ya kusaga akasikia tena. Akajiambia, watu wote hawa hawawezi kusema uongo.

Akamwita mkwe mdogo. "Wee binti, watu wanasema unakaa kivulini, mwenzako anavunjika mgongo."

"Watu gani, mama?"

"Watu! Unataka niwapange mstari uwakague?"

Yule binti akasema, "Mama, kupimiwa peke yangu sitaki, najua ni mwiko. Lundo na libaki moja. Ila kesho mwenzangu aende kutwa, mimi niache hapa nyumbani mpaka saa sita, ndipo niende. Jioni upime. Kitakachopungua kwenye yale manane ndicho ninachochuma mimi kwa nusu siku."

Mama mkwe akapiga makofi. "Jamani njooni msikie! Anaambiwa ni mvivu, anaomba kupumzika!"

"Nusu siku tu, mama."

"Nenda ukapumzike kwenu. Huko hawatakupimia saa."

Binti akafunga mzigo wake wakati wa mavuno, watu wanamtazama. Mwanamke akirudishwa kwao wakati wa mavuno, hakuna anayeuliza sababu. Kila mtu anaijaza mwenyewe.

Siku ya pili yake mkubwa akaenda shambani peke yake. Jioni mama akapima. Debe la kwanza. Debe la pili. Akainua kikapu kutafuta la tatu, hakuna.

"Leo unaumwa?"

"Mgongo, mama."

Kesho yake mawili. Keshokutwa mawili. Kahawa ikaiva, ikaanza kuwa nyeusi mitini, ikadondoka. Ndipo yule mama akatoa mawili kwenye manane, akalikalia debe tupu pale kibandani.

Wajukuu zenu wanafundishwa hesabu hii shuleni, wanaiita milinganyo. Mambo mawili usiyoyajua yanataka habari mbili. Mama huyu alikuwa na moja: wote wawili pamoja, kutwa, manane. Ya pili aliletewa mkononi na yule yule aliyeshitakiwa. Angekubali, lundo lingekuwa madebe matano. Manane toa matano, yanabaki matatu: hiyo ni nusu siku ya mdogo. Kutwa yake ni sita. Basi ya mkubwa ni mawili. Ingemgharimu asubuhi moja, na mwiko wa ukoo usingeguswa.

Mtaniambia, lakini alisikia kwa watu wengi. Wengi gani? Mkubwa kamwambia jirani, jirani kawaambia wa kwaya, wa kwaya wamesemea mashineni. Nikikuambia kwa siku moja ni manane, kisha nikakuambia kwa siku mbili ni kumi na sita, nimekuongezea nini? Ni ile ile, imenenepa tu. Tumefundishwa tangu utotoni kutaka mashahidi wawili. Wawili, si mmoja mwenye midomo mingi.

Mama alikwenda kwa wazazi wa binti, kabeba mkungu wa ndizi. Akamkuta uani anaanika kahawa ya baba yake. Akasema, "Mwanangu, nimejua."

Binti akapokea mkungu, maana alilelewa. Akamwekea mkwewe kigoda. Kisha akasema, "Nilikuomba nusu siku, mama. Ukanipa msimu mzima."

Mnataka kujua kama alirudi. Nawaona shingo zimerefuka. Hilo halituhusu, sisi tuna wetu.

Yule mwenzetu aliyekuwa akikaa hapa kanisani benchi la tatu upande wa dirisha, aliyeacha kuja tangu masika. Sote tunajua alifanya nini, sivyo? Tulijuaje? Wewe ulisikia kwa huyo aliyekaa karibu nawe. Yeye alisikia kwa nani? Rudini nyuma mmoja mmoja mpaka wa kwanza, mtafika kwa mtu mmoja aliyeshika kiuno barabarani. Sisi tumekuwa tukiizidisha habari moja, tukadhani tunaongeza ushahidi. Na alipokuja mlangoni hapa, akasema ana neno la kusema, tulimwambiaje? Tulimwambia ibada imeshaanza.

Leo mkitoka msiende moja kwa moja kwenye sufuria zenu. Nyumba yake mnaijua. Twende tukaketi, atuambie ile habari ya pili, na akisema jambo linalotuchoma, tusipige makofi.

Na tukikuta mlango umefungwa, tusiseme tena kwamba ni yeye aliyetuacha.