Nzi wa Dirisha la Bi Sauda

Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, Dokta Hemedi Sekibaha alianguka mlangoni kwake akiwa ameshika kiatu kimoja. Saa nne alitakiwa kwenye mkutano wa wakulima wa machungwa. Saa kumi alikuwa kaburini.

Mkewe, Bi Sauda, aliingia eda akiwa haelewi kitu. Mumewe alitumia nusu ya maisha yake kuchunguza kwa nini nzi huzeeka. Alichukua mayai ya wale waliozaa uzeeni tu, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata ukoo wa nzi wenye umri mrefu. Mtu aliyewaongezea nzi umri, wake mwenyewe ukakatika kabla hajastaafu. Bi Sauda aliliuliza jambo hilo kwenye sijda, akaomba msamaha kwa kuliuliza, kisha akaliuliza tena.

Nusu ya pili Dokta aliitumia kutafuta dawa ya nzi hao hao, maana ndio wanaotoboa machungwa. Katika ule ukoo wa umri mrefu alichukua madume, akawafanya wasizae. Dume kama huyo akiachiwa shambani hupandana na jike wa porini, jike hutaga, na mayai hayaanguliwi. Kadiri dume anavyoishi muda mrefu, ndivyo majike wengi zaidi wanavyotaga mayai ya bure. Hayo ndiyo aliyokuwa akienda kuwaeleza wakulima asubuhi ile. Mkewe alikuwa ameyasikia mara nyingi wakati wa chakula, akaitikia kama mtu anavyoitikia habari za mpira. Kilichomkaa ni neno moja tu: "Sanduku likija, wapelekwe mashambani kabla jua halijawa kali."

Jumatatu dereva wa kituo cha utafiti akaleta sanduku.

"Nilifanyeje?" Bi Sauda aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Mama, mimi nimeambiwa nilete tu. Dokta alisema kila Jumatatu mpaka mavuno."

Ndani mlikuwa na nzi, wazima, wanavuma. Mjane aliye kwenye eda hazunguki mashambani, kwa hiyo Bi Sauda akawatumia wakulima salamu waje wachukue. Alikuja mmoja tu, Mzee Mbelwa, jirani ambaye shamba lake lilianzia chini ya dirisha.

"Shemeji, pole tena. Lakini hili hapana. Mwaka jana nilifukia nusu ya mavuno kwa sababu ya nzi. Leo unanigawia wengine?"

"Marehemu alisema wapelekwe."

"Marehemu alikuwa akiwafuga au akiwaua?"

"Sijui, Mzee Mbelwa."

"Basi chemsha maji uwamwagie. Wenzangu wote wamesema hivyo hivyo. Mtu akifa, na shughuli zake zinapumzika."

Akaondoka. Bi Sauda akachemsha maji kweli. Yalipotokota aliishika sufuria kwa kitambaa, akasimama mbele ya sanduku. Kama mumewe alikosea, mashamba ya watu yangeangamia na jina lake lingetukanwa kila msimu. Kama alikuwa sahihi, kazi yake yote ingekufa kwa maji ya kupikia chai. Akaiweka sufuria chini, akasema bismillahi, akafungua dirisha, akawaachia.

Jumatatu iliyofuata alifanya vivyo hivyo. Na nyingine. Kila mara alikuwa haelewi.

Mwezi wa Julai Mzee Mbelwa alipiga hodi, sauti yake imenywea.

"Shemeji, nisaidie. Wenzangu wameniitia kikao."

"Umefanya nini?"

"Ndiyo hilo, sijafanya kitu. Machungwa yao yamejaa funza. Yangu, kila ninalopasua ni safi. Wanasema nimewatupia wadudu wangu kwa uchawi. Kesho wananiapisha."

Nyuma ya pazia Bi Sauda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akaona haya, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka.

"Waambie ni wale nzi ulioniambia niwamwagie maji ya moto."

"Hao? Wanafanyaje?"

"Marehemu alijua. Mimi hata sasa sijui vizuri."

"Sasa kikaoni nitasema nini?"

"Sema Jumatatu waje na vyombo vyenye mifuniko."

Walikuja wote. Walisimama uani, na mjane akawagawia kazi ya mumewe kupitia dirishani, chombo kwa chombo.

Funzo: Kazi aliyoiacha marehemu usiiharibu kwa sababu tu hukuielewa. Itunze kwanza, kuelewa ni kwa Mungu kukupa, leo au baadaye.

Nawe utakayempelekea mwenzako hadithi hii, omba pamoja nasi: Ewe Mola, mrehemu Hemedi na wote waliotutangulia, wasamehe makosa yao, yapanue makaburi yao, na sisi tuliobaki tukiuliza, utupe subira. Amina.