Funda la Maji

Wazee wa kanisa, leo mtanisamehe. Najua nikishuka hapa nitaitwa ofisini. Niiteni, nitakuja, lakini kwanza nisikilizeni.

Kulikuwa na mwalimu wa kwaya mmoja, mzee mkali, mwenye masikio ambayo ukikosea sauti ukiwa safu ya nyuma anakutaja kwa jina bila kugeuka. Alikuwa na binti. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti huyo kuimba, akimsimamisha juu ya kreti la soda ili naye aonekane katikati ya waimbaji wakubwa. Mtoto akiimba, watu wanatoa leso. Akakua, akaenda kuimba muziki wa dansi, akawa mtu mwenye jina. Ilikuwa huendi harusini wala huingii saluni bila kumsikia.

Na baba yake alifanya nini? Alisimama mbele ya kwaya akasema, "Yule simjui. Na radhi yangu hana."

Kauli hiyo mnaijua. Ni fupi, lakini ilimfuata yule binti kila alikokwenda. Alipopata ajali ya gari, watu wakasema ni radhi. Bendi ilipovunjika, radhi. Mume alipomwacha, radhi ile ile. Sasa nauliza, ng'ombe wa mzee walipokufa kwa ugonjwa wa ndigana, ile ilikuwa radhi ya nani? Hakuna aliyeuliza.

Lakini neno likisemwa sana huingia. Binti alipojifungua mtoto wa kike, akaingiwa na hofu kwamba neno lile litamrukia na huyu mchanga. Akambeba mgongoni, akaenda kwao kuomba radhi.

Ukoo ukakaa uani. Kule kwao radhi haitolewi kwa maneno matupu. Mtoto hupiga magoti, mzazi huchota funda la maji kinywani, akayapuliza kifuani kwa mtoto, kisha akasema, "Nimekuwia radhi." Maji yakishagusa kifua, kesi imekwisha, na hakuna wa kuifufua.

Bakuli likaletwa. Shangazi, dada wa yule mzee, akampokea mtoto. Yule binti aliyezoea kupigiwa makofi na umati akapiga magoti mavumbini. Mzee akachota funda, mashavu yakajaa, akamwinamia mwanawe. Ilibaki pumzi moja tu.

Hapo shangazi akashindwa kujizuia. Mnawajua mashangazi. Akasema, "Puliza basi, kaka, unangoja nini? Juzi si nilikukuta zizini na redio, unamwitikia huyu binti yako kwa sauti ya tatu?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliofurahi. Mzee akataka kujibu. Lakini mtu atajibuje na maji yamejaa mdomoni? Ana mawili tu: ayapulize kwa mwanawe, au ayameze.

Akameza.

Kisha akasema, "Uongo. Nilikuwa nangoja taarifa ya habari."

Mkubwa wa ukoo akamsogezea bakuli, akamwambia taratibu, "Chota lingine, bwana. Maji yapo."

Mzee akawatazama wale waliomcheka. "Nikishameza nimemeza," akasema. "Aache muziki kwanza."

Ndugu zangu, nawaona. Mnangoja binti alie, na mzee alie, wakumbatiane, tuimbe pambio twende tukale. Hakulia mtu. Binti aliinuka, akajikung'uta magoti, akasema kwa sauti ile ile aliyofundishwa juu ya kreti: "Baba, ukinipa radhi nitaimba. Ukininyima nitaimba. Sauti nilipewa na Mungu, na wewe ndiye uliyeifungua. Sikuja hapa kuomba ruhusa."

Akaliinua bakuli yeye mwenyewe. Wazee wakaguna, maana hilo halijapata kufanyika. Akachota funda, akamgeukia mwanawe aliyekuwa mapajani kwa shangazi, akampulizia kifuani. Mtoto akashtuka, halafu akacheka.

"Nimekuwia radhi, mwanangu," akasema. "Kwa utakayonifurahisha, na kwa utakayoniudhi pia. Neno lile limeishia kwangu. Kwako halifiki."

Matone mengine yalimwangukia mzee miguuni, kwa kuwa alikaa karibu. Hayakuwa yake.

Mzee uliyeanza kukohoa hapo safu ya mbele, kohoa, nakusubiri. Amri ya kuwaheshimu wazazi naijua, na Jumapili nyingine nitaihubiri. Leo siihubiri. Leo nasema nasi tuliozaa. Radhi tumeifanya kamba ya mbuzi: mtoto akisogea kidogo, tunaivuta. Yule mzee alikuwa anampenda binti yake. Alimpenda zizini, alikokuwa na ng'ombe tu. Mbele za watu akaona haya. Wewe je, ni nani unayemfurahia kwa siri na kumkana hadharani? Unaogopa nini? Kuchekwa? Basi tuchekwe. Mimi naona afadhali ukoo mzima unicheke mwaka mzima, kuliko kumeza kitu ambacho mwanangu alikipigia magoti.

Na wako humu waliopiga magoti wakanyimwa. Ninyi nawaambia inukeni, jikung'uteni. Bakuli lina maji bado, na mna watoto nyuma yenu. Msiwarithishe kiu.

Wimbo wa mwisho hatutauimba leo. Wako watu hapa ambao funda limo mdomoni sasa hivi, mashavu yamejaa, wanatafuta jibu la kumpa mtu fulani aliyewacheka. Ninyi msinijibu mimi. Nendeni nyumbani, na kabla hamjasema neno lolote, pulizeni.