Fisi Alipokula Kiapo

"Haya, fumbeni macho!"

"Tumefumba!"

"Fumbueni!"

"Tumefumbua!"

"Nani kaliwa?"

"Hakuna, Shangazi!"

"Hakuna kweli? Jipapaseni. Mwanaidi, pua yako ipo? Masikio yapo? Basi ngano ipo. Sogeeni mkekani, na yule aliyelia jana kwa ajili ya mbuzi wa uongo, leo asilie. Nakwambieni mapema: katika ngano hii hafi mtu. Wanakaribia tu."

Palikuwa na masika ya ajabu. Mvua asubuhi, ndi ndi ndi. Mvua mchana, ndi ndi ndi. Mto ukafura, ukavunja kingo. Ukameza mashimo, ukameza vichaka, ukameza njia. Wanyama wakaulizana, "Twende wapi?" Wakapanda kwa Pimbi.

Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene, masikio mafupi, mkia hana. Siku hizi ukimwita mtu pimbi anakukunjia ngumi. Mimi ningeshukuru. Pimbi alikuwa na kilima cha mawe, kilima kilikuwa na pango, na pango lilikuwa kavu. Wenye mikia mirefu walikuwa na nini? Walikuwa wamelowa.

Akaja Kanga na madoa yake. Pimbi akasema, "Karibu." Akaja Kobe na nyumba yake mgongoni. "Karibu." Akaja Mama Digidigi na mwanawe mmoja, vijiguu kama njiti za kiberiti. "Karibu." Akaja Mzee Nyati, akalala mlangoni, mlango ukajaa. "Karibu mzee, hapo hapo panakufaa."

Mwisho akaja Fisi. Kalowa chapachapa, mbavu nje, tumbo linanguruma, ngurrr, ngurrr. Pimbi hakusema karibu. Pimbi alimeza mate.

Mzee Nyati akainua kichwa. "Bwana Fisi, ingia, mvua haina adui. Lakini sheria ni moja. Kilimani hapa hakuna kula mwenzio. Atakayekula, pembe hizi zitamtupa mtoni. Nimesema."

Na Mzee Nyati akishasema, kasema. Hata akikosea harudi nyuma, maana kule kugeuka tu kwake ni kazi.

"Kula?" Fisi akauliza, masikio juu. "Nani anakula?"

"Hakuna anayekula."

"Aa." Masikio yakashuka.

Huo ulikuwa ugonjwa wa Fisi. Likitajwa neno hilo, hasikii jingine.

Wala nyasi wakatafuna vijani vya mlangoni. Fisi akatafuna upepo. Akakaa, akafikiri, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ndugu zangu," akasema, "mvua inatuchosha. Mbona hatuchezi? Nina mchezo mtamu, unaitwa Mla Watu. Kila mmoja anapewa kokoto kwa siri. Kokoto zote nyeupe, moja tu nyeusi. Mwenye nyeusi ndiye Mla Watu, na hakuna anayemjua. Tunafumba macho. Mla Watu anagusa mtu, pa! Aliyeguswa kaliwa, anakwenda kukaa kwenye kijipango kile cha nyuma. Tunafumbua, tunabishana, tunapiga kura: Mla Watu ni nani? Mwenye kura nyingi naye anakwenda nyuma."

"Nataka! Nataka!" mtoto wa Digidigi akaruka.

"Ni mchezo tu," Fisi akasema. Kisha akamgeukia Nyati, sauti ya asali. "Mzee wetu, wewe ndiye hakimu. Hebu tuambie: aliyeliwa mchezoni, kaliwa ama hakuliwa?"

Nyati akacheua, akacheua tena. "Kaliwa," akasema.

"Umesema, mzee?"

"Nimesema."

Fisi akagawa kokoto yeye mwenyewe. Huyu nyeupe, yule nyeupe, huyu nyeupe. Nyeusi? Ah, nyeusi ilikuwa imetulia ndani ya shavu lake la kushoto.

"Fumbeni macho!"

"Tumefumba!"

Pa!

"Fumbueni! Nani kaliwa?"

Kanga kaliwa. Kanga akaenda nyuma akicheka, kekeke, kekeke. Wakabishana. "Ni Kobe huyo, mbona kanyamaza?" "Mimi kawaida yangu kunyamaza!" "Ndiyo maana tunakushuku!" Wakapiga kura, Kobe akaenda nyuma, taratibu, akinung'unika. Na Fisi akahamia mlangoni pa kile kijipango, eti awahesabie wasipotee.

"Bwana Fisi, mbona shavu limevimba?" Pimbi akamuuliza.

"Jino, ndugu yangu. Jino."

Pimbi akasema pole. Lakini Pimbi ni mwenyeji wa mawe yale, anajua kila ufa. Akajidai anakwenda kujisaidia, akapita juu ya mwamba, akatega sikio ufani. Akamsikia Fisi akijinong'oneza, na mate yakidondoka, to, to, to.

"Kanga wa kufungulia kinywa. Kobe wa mchana, gamba nitalivunja. Na kile kitoto cha Digidigi, laini kile, cha kufungia siku. Mchezo ukiisha namwambia mzee: hawa wameliwa mbele yako, na umesema mwenyewe kaliwa ni kaliwa. Nipishe nimalizie."

Pimbi akashuka mbio kwa Nyati. "Mzee, Fisi anataka kuwala kweli!"

"Walioliwa wameliwa," Nyati akasema. "Nimeshasema."

"Lakini mzee, ni mchezo!"

"Na mimi ni hakimu wa mchezo. Usinisumbue, nacheua."

Mama Digidigi alikuwa ameyasikia yote. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama karibu na Pimbi. "Pimbi ndugu yangu," akasema, "mimi nina huyu mmoja tu. Mvua imechukua malazi yangu, nimesema ichukue. Huyu siwezi."

Mtoto mwenyewe yuko kule anarukaruka: "Na mimi niguswe! Lini nitaguswa?"

Pimbi akamtazama mama, akamtazama mtoto, akalitazama shavu la Fisi. Akaogopa, msinidanganye kwamba hakuogopa. Kisha akapiga makofi, pwa pwa pwa.

"Jamani! Mchezo huu mtamu lakini hauna chumvi. Kwetu kwenye mawe haya tunaucheza pia, ila kuna nafasi moja Bwana Fisi kaisahau. Nafasi kubwa! Anayeipata anakula kabla ya watu wote."

Masikio ya Fisi juu. "Anakula?"

"Anakula! Tena mchana kweupe, mbele ya mzee, na hakuna wa kumlaumu."

"Mimi!" Fisi akarukia katikati. "Mimi mimi mimi! Nipeni mimi!"

"Taratibu, kaka. Hii nafasi ni ya mwenye koo. Ukishakula huruhusiwi kutema."

"Kutema? Mimi? Tangu nizaliwe sijatema hata kwato!"

"Mzee, umemsikia?"

"Nimemsikia," Nyati akasema. "Atakula na hatatema. Nimesema."

"Basi fumbua kinywa, kaka Fisi."

Fisi akafumbua kinywa, akafumba macho kwa raha. Pimbi akachukua kokoto nyeupe, akairusha mle ndani. Gulu! Ikapita.

Fisi akajilamba. "Mbona ngumu? Nimekula nini?"

"Umekula kiapo," Pimbi akasema.

"Kia... nini?"

"Kiapo cha Mlinzi! Hongera sana, kaka! Mlinzi ndiye nafasi kubwa ya mchezo. Aliyeguswa unamlinda, asiyeguswa unamlinda. Na kiapo chenyewe kinasema hivi: Mla Watu akimshinda Mlinzi, hata kwa unyoya mmoja wa Kanga, Mlinzi ndiye anayetupwa mtoni. Sivyo, mzee?"

Nyati akacheua. "Kiapo ni kiapo. Kimeshaliwa. Nimesema."

Fisi akajaribu kukohoa. Kho, kho! Kokoto ilikuwa imefika mbali, na ya shavuni akaibana kwa ulimi isije ikamwaibisha.

"Imebaki kufumba mara moja ya mwisho," Pimbi akaendelea, "na zamu ya kuguswa ni ya huyu mtoto. Mla Watu akimgusa, Mlinzi kashindwa, anakwenda na maji. Mla Watu akishindwa kumgusa, mchezo umekwisha, wote wa nyuma wanarudi hai kama walivyoingia." Akamshika mtoto mkono, akampeleka, akamketisha wapi? Katikati ya miguu ya mbele ya Fisi, chini ya pua yake!

"Pimbi!" Mama Digidigi akalia. "Umempeleka mdomoni!"

"Nimempeleka kwenye kiapo, dada. Fumba macho."

"Sifumbi!"

"Basi fumba moja."

"Fumbeni macho!" Nyati akanguruma. Wakafumba.

Sasa msikilizeni Fisi. Fisi alikuwa Mla Watu, kokoto nyeusi shavuni. Fisi alikuwa Mlinzi, kokoto nyeupe tumboni. Na mtoto ananukia maziwa.

Mguu wa kulia ukanyooka polepole: nimguse. Mguu wa kushoto ukaudaka, paa! Usimguse, tutatupwa mtoni! Mguu wa kulia: mguse tu, kidogo! Mguu wa kushoto: paa! Kinywa kikashuka, ukaja mguu ukakipiga kofi, twaa! Kinywa kikauma mguu, ng'wa! Miguu ya mbele ikasema tusogee, ya nyuma ikasema turudi. Akajivuta, akajisukuma, akajipiga mtama mwenyewe, akaanguka puu! Akaamka, akajikaba koo.

"Niache!" akajiambia.

"Sikuachi!" akajijibu.

Wanyama wamefumba, wanasikia paa, twaa, ng'wa, puu. Mama Digidigi jicho moja wazi, pumzi kaishika. Mtoto yuko pale pale anacheka, anadhani anachezewa.

Kofi la mwisho likatua kwenye shavu la kushoto, TWAA! Kitu kikaruka, tii, tii, tii, kikabingirika mpaka kwenye kwato za Mzee Nyati.

"Fumbueni!"

Wakafumbua. Mtoto mzima, hana hata nywele iliyokaa vibaya. Fisi jicho limevimba, sikio limechanika, anahema.

Nyati akainusa ile kokoto. "Nyeusi," akasema. "Ya Mla Watu. Imetoka wapi?"

Fisi akaziangalia pembe. Akauangalia mto kule chini, guuu, guuu.

"Nime... nimemnyang'anya, mzee!"

"Kumbe ulipambana naye?"

"Sana, mzee! Ona jicho!"

"Mlinzi hodari," Nyati akasema. "Yuko wapi sasa huyo mwovu?"

"Kakimbia, mzee."

"Kapita wapi? Mlangoni nimelala mimi."

"Kapita... kapita chini ya tumbo lako."

"Ndiyo maana nilihisi mtekenyo," Nyati akasema, na uso wake ulikuwa mzito vile vile.

Pimbi akadakia, "Jamani, tupige kura! Mlinzi amfukuze Mla Watu, ama akae hapa astarehe?"

"Kula?" Fisi akasema, kwa mazoea.

"Kura, kaka. Ku-ra."

Kura zote zikasema amfukuze. Hata Kobe alipiga kura kutoka kule nyuma, ingawa ilichelewa kufika. Nyati akajisogeza mlangoni kwa taabu, pakapatikana njia. "Haya, Mlinzi. Usirudi mpaka umkamate. Nimesema."

Fisi akatoka. Afanye nini? Mvua ilikuwa imeanza kukatika, kule ng'ambo ya kilima maji yameacha mgongo wa nchi kavu. Akaenda mbio kidogo, akasimama, akatazama nyuma amwone anayemfukuza. Akageuka, akaenda tena. Mpaka leo yuko njiani. Miguu yake ya mbele mirefu na ya nyuma mifupi, kwa sababu haijawahi kupatana tangu siku ile. Na ukimsikia analia, uuu-wii, uuu-wii, anauliza, "Ni weee? Ni weee?" Na hajajibiwa.

Pangoni, Kanga akatoka nyuma akijihesabu madoa, akakuta yametimia. Kobe akatoa kichwa, akauliza, "Nani kashinda?" Mama Digidigi akamlamba mwanawe usoni, masikioni, mgongoni, mpaka mtoto akasema, "Mama, unanilowesha, na mvua imekwisha!" Ndipo mama akalia. Alilia kwa nguvu, akacheka humo humo kwenye kilio, na kila mmoja pale pangoni akashusha pumzi, fyuuu, hata mawe nadhani yalishusha. Pimbi akakaa kitako. Wala hakuona haya.

Mzee Nyati akatoka kwenda kulisha. Alipompita Pimbi akasimama. "Yule Fisi," akasema, "sijapata kuona mlinzi kama yeye. Katulinda kwa moyo wake wote. Nimesema." Akaenda zake. Na jicho moja lilikonyeza, ama liliingiwa na nzi. Hilo sijui.

Basi wanangu, mafunzo ya ngano ni haya. Wahenga walisema usimkabidhi fisi bucha. Wahenga hawakupata mwenyeji kama Pimbi. Mimi nawausia kinyume chake: mkabidhini fisi bucha, mkabidhini watoto, mkabidhini na funguo. Hakuna mlinzi amshindaye fisi aliyeshiba kiapo.

"Kwa hiyo Shangazi, fisi ni mtu mzuri?"

"Mzuri mno, Mwanaidi! Leo nitampelekea habari aje alale mlangoni kwenu, awalinde."

"Hapana, Shangazi!"

"Mbona hapana? Kaapa! Ngano nimeishusha hapa mkekani, aokotaye na aokote. Haya, kwa mara ya mwisho, fumbeni macho!"

"Hatufumbi!"