Masahihisho ya Fundi Ambakisye

Hii nimeletewa na wifi yangu wa Mbeya. Nimeisoma mara mbili, nikajiona humo ndani, nikaona nisiumie peke yangu. Isome yote, usikimbilie chini kutafuta funzo kama ulivyozoea.

Palikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu huko Tukuyu, Mwalimu Subilaga. Kalamu yake nyekundu ilijulikana kata nzima. Ukikosa swali, anaandika "Rudia". Ukikosa tena, anaandika "Rudia" kubwa zaidi.

Alipopata kiharusi, ulimi ulirudi mapema na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia Atupele, binti yake, kwamba vidole vile vifanyishwe kazi kila siku, tena sasa hivi, miezi hii ya mwanzo. Vikizembewa vinaweza kubaki hivyo hivyo. Wakapewa mpira wa kuminya. Mwalimu akauminya siku mbili, akasema yeye si mtoto wa chekechea, akautupa uvunguni. Basi akawa wa kukaa tu, mkono umelala mapajani, na Atupele akawa anaingia jikoni kulia ili asionekane.

Siku moja Atupele alikuwa akipanga kabati, akakuta gemu la zamani la mkononi, lile la kupanga matofali yanayodondoka. Mama yake akalitazama, akasema alikuwa akilipenda sana. Lilikuwa jambo la kwanza kulitamani tangu augue. Lakini betri zilishavujia ndani, vyuma vimeoza, halikuwaka. Atupele akalifunga kwenye mfuko, akaenda nalo mjini kwa Fundi Ambakisye, bingwa wa kompyuta.

Ambakisye alipoliona alicheka mpaka akatafuta kiti. Gemu lile lilikuwa lake! Mwalimu Subilaga alimnyang'anya akiwa darasa la sita, akamwambia atarudishiwa akimaliza masahihisho ya hesabu za sehemu. Masahihisho hakuyamaliza, na gemu hakuliona tena. Kumbe mwalimu alikuwa akilicheza ofisini saa ya chai.

Akasema lenyewe halifufuki, ila njia ipo. Akachukua kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, akaweka emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye kile kimashine cha zamani. Hiyo unaiunganisha na televisheni, unashika padi yenye vitufe, unacheza. Ila kwanza programu inamuuliza anayeiandaa: kitufe gani kisogeze tofali, kipi kiligeuze, kipi kilidondoshe. Unabonyeza unachotaka, nayo inakariri.

Hapo ndipo huruma ilipomponza. Alimfikiria mwalimu wake na mkono ule, roho ikamuuma, akapanga vitufe vyote upande wa kushoto, kwenye mkono mzima. Akapunguza kasi, matofali yakawa yanashuka kwa kujivuta. Tena akaweka kwamba yakikaribia kujaa, gemu lirudi nyuma lenyewe, mchezaji asishindwe. Akajiona amefanya la maana. Na sisi tungejiona hivyo hivyo, tusidanganyane.

Mwalimu alicheza siku tatu. Siku ya nne akaiweka padi kando ya ule mpira, na Atupele akaona tumaini lake la mwisho linaingia uvunguni. Akampigia fundi simu.

Jumamosi asubuhi Ambakisye akafika, amebeba memori kadi yenye magemu elfu nne. Akaanza kuyataja moja moja. Mwalimu akamwambia akae. Akakaa, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mikono amekunja kama yuko darasani.

"Nimecheza siku tatu sijashindwa hata mara moja," Mwalimu akasema. "Mimi nimefundisha hesabu. Hilo haliwezekani. Na huu mkono wa kulia hujauuliza hata swali moja. Uliona hauna jibu?"

Ambakisye akajitetea kwamba alimhurumia tu.

"Hakuna aliyekuwa mzito wa sehemu kama wewe. Mimi nilikuhurumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi rudia."

Akarudia palepale sebuleni. Vitufe vya kugeuza na kudondosha akavihamishia kulia. Kasi akairudisha ilivyokuwa zamani. Lile la kurudi nyuma akalifuta, na kadi yake ya magemu elfu nne akairudisha mfukoni.

Mwalimu akashindwa kabla hata chai haijamiminwa. Akaanza upya, akashindwa. Asubuhi ile alishindwa mara kumi na saba, Atupele alihesabu. Jasho linamtoka, anaigombeza televisheni kwa Kinyakyusa. Mara ya kumi na nane kidole cha shahada kikabonyeza, tofali likageuka, likakaa mahali pake. Mwalimu akakitazama kile kidole, akakiambia kirudie. Atupele akakimbilia tena jikoni kulia, ila safari hii alikuwa anacheka pia.

Miezi mitano ikapita. Atupele akaenda dukani kwa fundi na kifurushi cha gazeti, akasema ametumwa. Ndani mlikuwa na lile gemu bovu, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi zimepinda, nyingine zimepanda juu ya mistari:

"Ambakisye. Masahihisho nimeyaona. Chukua gemu lako."

Chini yake palikuwa na alama ya vema, kubwa, inayotetemeka. Ambakisye akauliza ameandika kwa mkono gani. Atupele akanyanyua wake wa kulia.

Karatasi ile sasa imebandikwa ukutani pale dukani, juu ya meza ya kazi. Mteja akija na kusema mtengenezee mama yangu kitu rahisi, fundi humuuliza kwanza kama mama mwenyewe ndiye aliyesema.

Funzo: Unapomsaidia mtu, usimwondolee ile kazi ambayo ndiyo ingemrudisha. Muulize anachokitaka, kisha mwachie nafasi ya kushindwa, maana humo humo ndimo atakamoanzia kushinda.