Mbwa wa Kupakatwa na Maswali ya Mzee Semvua

Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Yamezibuliwa?
Yamezibuliwa!
Basi nawamwagia, na mwenye kusinzia asogee pembeni.

Hapo kale sana, milima ilipokuwa bado inagombania mahali pa kukaa, aliishi mwanamke mmoja, Namkunda, na mama yake, Bi Nakijwa. Bi Nakijwa alikuwa kipofu. Namkunda akienda shamba, mama anabaki peke yake mpaka jioni. Anakaa. Anasikiliza. Anakaa tena. Mtu aingie, achukue chungu, atoke, yeye hajui alikuwa nani.

Namkunda akaona dawa ni mbwa. Si mbwa mkubwa wa kumkwaza mama, la. Mbwa wa kupakatwa, wale wadogo wasiozidi paka, wasioacha mgeni apite bila kumbwekea. Akaenda gulioni, akamkuta Kirumbi na tenga lake la vitoto vya mbwa. Kirumbi hakuuliza kitu. Namkunda naye hakuuliza kitu. Akachukua wa juu kabisa, akamtia kikapuni, huyoo nyumbani.

Siku ya kwanza mbwa akala. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu akafia mapajani mwa Bi Nakijwa.

"Ni hii mikono yangu," akasema mama. "Haioni, imemlisha vibaya. Usiniletee mwingine."

Na Namkunda, jamani, akanyamaza. Alijua kosa ni lake, amenunua mbwa ambaye hata ziwa hajaacha. Lakini aliona aibu, akamwacha mama yake abebe lawama isiyo yake. Msinitazame hivyo, hata nyinyi mmewahi kunyamaza.

Tangu siku hiyo Namkunda hakumwamini mtu. Akipewa maziwa, anayanusa. Akisalimiwa vizuri, anajiuliza kuna nini. Huku nyuma mama alizidi kunyong'onyea, chakula anakigusa tu. Namkunda akaogopa kumpoteza. Akaamua kutafuta mbwa mwingine kwa siri, na safari hii atamchagua kama kwao wanavyochagua mchumba: huanzi na binti, unaanza na mama yake.

Akarudi kwa Kirumbi, akamuuliza mama wa hivi vitoto yuko wapi. Kirumbi akasema amesafiri. Mbwa, amesafiri! Namkunda akainua kimoja. Macho yana tongo, tumbo limejaa kama ngoma, na mbavu zinahesabika. Akakirudisha tengani, akaenda zake.

Akaenda kwa Sangiwa, mfugaji mwingine. Huyo sasa ni mtu wa maneno laini. Akampa kigoda, akampa uji, akamsifia na mama yake ambaye hajawahi kumwona. Vitoto vyake vimepakwa mafuta mpaka vinang'aa. Namkunda akataka kumwona mama yao. Sangiwa akaingia nyuma ya nyumba, akakawia, akatoka anavuta mbwa kwa kamba, akasema ndiye mzazi. Vitoto vikamkimbia. Mzazi akavibwekea. Namkunda akainama, akachungulia chini ya tumbo, akainuka taratibu.

"Bwana Sangiwa, huyu mama yao ni dume."

Sangiwa akasema mbwa wa ukoo ule ndivyo walivyo. Nyinyi chekeni, Namkunda hakucheka.

Wa tatu alikuwa Mzee Semvua, juu kabisa mlimani. Kwake mama wa mbwa alikuwepo, chuchu zimejaa, watoto wananing'inia. Baba wa mbwa alikuwepo. Hata bibi yao alikuwepo, amezeeka lakini anatembea bila kuchechemea. Namkunda akakagua macho, makavu. Akanusa masikio, hayana harufu. Akapapasa magoti, hayateguki. Akapiga makofi nyuma yao, wote wakageuka. Akamshika mmoja, akasema anamtaka huyu.

"Sikupi," akasema Mzee Semvua. "Hajaacha ziwa. Subiri miezi miwili."

Kisha akaanza maswali. Mbwa atashinda na nani? Atalala wapi? Amewahi kufuga? Huyo wa kwanza alikufa na nini? Namkunda akajibu kwamba alikufa tu, akateremka mlima moyo unachemka. Mtu ana mbwa, anaombwa mbwa, anakataa? Hapo pana jambo.

Siku ya pili akapanda tena, akajificha kwenye migomba ya mzee kutwa nzima. Akamwona anafagia banda. Akamwona anabadilisha maji. Akamwona anawatazama meno, mmoja mmoja. Hakuona kingine, na hilo ndilo lililomzidishia shaka.

Siku mbili tatu baadaye, majirani wakamwambia kuna mzee anapita akimuulizia. Kisimani ameuliza kama Namkunda hupiga mbuzi wake. Kwa mhunzi ameuliza kama hukasirika upesi. Nyumba ya jirani ameuliza mbwa wa kwanza alikufaje. Namkunda akakasirika, upesi sana. Akapanda mlima mara ya tatu.

"Unanichunguza kwa nini?" akauliza.

"Wewe umeshinda kwenye migomba yangu, nikakuacha," akasema Mzee Semvua. "Unaogopa nisije nikakupa mbwa mgonjwa. Mimi naogopa nisije nikampa mbwa wangu mtu mbaya. Majirani wamekusifu. Ila wameniambia mbwa wa kwanza aliuawa na mikono ya mama yako. Ni kweli?"

Namkunda akatazama chini. Mama wa mbwa akaja kumnusa miguu. Akaona ni afadhali aadhirike kwa mgeni kuliko kumsingizia mama tena.

"Si kweli. Ni mimi. Nilimchukua kwenye tenga bila kuuliza kitu."

"Hayo kamwambie mama yako. Ukishamwambia, nitamleta mbwa mimi mwenyewe miezi ikitimia. Na siku asipowafaa, msimpe mtu mwingine. Mnirudishie mimi."

Namkunda akateremka polepole. Akamkuta mama yake amekaa palepale. Akapiga magoti, akasema yote ya tenga la Kirumbi, akataja na mzee wa mlimani mwenye mbwa, na akalia kama mtoto.

Bi Nakijwa akangoja amalize.

"Nilijua," akasema. "Uliponiwekea yule mbwa mapajani nilimpapasa tumbo, nikajua ni mgonjwa. Nikasema ni mikono yangu, usije ukaumia."

Namkunda akafuta machozi. "Sasa mama, mbona ulikataa mwingine?"

"Sikumkataa mbwa, mwanangu. Nilikataa uninunulie wewe, usiyeuliza kitu."

Kisha mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeshuku: "Na huyo wa mlimani, amekupa siku ileile ulipomtaka?"

"Hapana. Amenikatalia mara ya kwanza, na leo nimerudi mikono mitupu."

Bi Nakijwa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba ule. Akanyoosha mkono, akaulizia chakula.

"Amekukatalia? Basi huyo mzee mwambie alete."

Pumzi yangu imeishia hapo. Aliyesikia akawaambie wa kwao, na aliyesinzia akaulize nyumba ya pili.