Kakakuona na Mchwa wa Maktaba

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na walioko nyuma wasikie!
Pakawa!

Siku hiyo walikuwepo wanne. Alikuwepo Korongo, mkuu wa maktaba ya chuo cha wanyama. Alikuwepo Ngedere, msimamizi wa rafu. Alikuwepo Digidigi, mwanafunzi wa uganga. Na alikuwepo Kakakuona, mla mchwa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amefunga kifurushi chake.

Hapo zamani Kakakuona alikuwa akifika kabla ya jua. Anaingia nyuma ya rafu, anatoa ulimi. Fyu! Fyu! Fyu! Mchwa kwisha. Vitabu haviliwi. Na kwa kuwa haviliwi, hakuna aliyeiona kazi yake.

Cheo cha kwanza kikatoka, akapewa Tausi wa mapokezi. Cha pili kikatoka, akapewa Ngedere, aliyekuja juzi tu.

"Wewe ni nguzo yetu, mama," Korongo akasema, akapita zake.

Nguzo! Moyo wa Kakakuona ukapoa. Akaanza kufika jua limepanda. Akalamba rafu za mbele, za nyuma akaziacha. Huko nyuma mchwa wakala: kwaru, kwaru, kwaru...

Basi siku hiyo Digidigi akafungua kitabu cha dawa za homa. Puu! Vumbi tupu.

"Mtihani kesho!" akalia. "Nitasoma matundu?"

Korongo akafoka, "Kakakuona! Huna aibu?"

"Ninayo, Bwana Mkuu. Ndiyo maana naondoka. Huko vichuguuni nitakula nishibe, na hakuna wa kuniita nguzo."

Ngedere akashuka kitini. "Dada, nilipokuja sikujua hata rafu inafutwaje. Ukanifundisha, wala hukuninunia. Bwana Mkuu, cheo hiki ni chake."

"Leo mnanipa kwa kuwa vitabu vimeliwa," Kakakuona akasema. "Vilipokuwa vizima, mlikuwa wapi?"

Korongo akainamisha shingo, chini, chini, mdomo ukagusa sakafu. "Nilikuwa natazama walio mbele yangu tu, mama. Nisamehe."

Kakakuona akamtazama Digidigi, macho yamemvimba kwa kulia. Akaweka kifurushi chini.

"Futa machozi, mwanangu. Nakala ya pili ipo. Najua ilipo."

Basi, wakubwa kwa wadogo: anayefanya kazi vizuri apewe cheo chake mapema, kabla moyo wake haujapoa, naye atajituma zaidi.

Hadithi yangu naiacha hapa, mwenye kuipenda aondoke nayo.

Mwaka uliofuata, Msimamizi Kakakuona alimfundisha kazi Nguchiro, mfanyakazi mgeni.