Kichuguu Kilichopita Masikio ya Tembo

Haki ya Mungu tena! Haki ya mama mzazi! Haya ninayoyasema ni kweli tupu, sijaongeza chumvi hata punje. Nikiongopa, moto huu uruke unishike ndevu. Mmeuona? Umetulia. Basi ni kweli.

Sogeeni. Nikiita, itikieni kama watu waliokula.

Paukwa!

— Pakawa!

Ngano imeiva!

— Ipakuliwe!

Na ikiungua?

— Tutakula ukoko!

Hapo zamani, zamani ile mawe yalipokuwa bado laini, mtu akikalia jiwe anaacha alama ya makalio, nchi hii yote ilikuwa tambarare. Hakuna mlima, hakuna kilima, hakuna kichuguu. Ukisimama hapa unamwona shangazi yako anapika kule ng'ambo, na unajua leo ni mlenda.

Msiniulize nimejuaje. Babu wa babu yangu alikuwepo, amekaa pembeni anamenya karanga. Halafu sisi ukoo wetu ni watu wa Mchwa. Kumbikumbi hatuli, ni mwiko. Kwa hiyo nikisema "sisi" katikati ya ngano msishangae, nasema habari za nyumbani.

Basi bwana, nchi ilikuwa na wakubwa wawili. Tembo, mkubwa wa mchana. Simba, mkubwa wa usiku. Tembo wa siku hizo si hawa mnaowaona. Yule akipiga chafya hapa, watu wa Singida wanaanua nguo wakidhani mvua.

Kisima kilikuwa kimoja, na zamu ilijulikana. Wakubwa kwanza. Wa katikati wanafuata. Wadogo wanamalizia. Wa mwisho wa mwisho ni Mchwa. Mchwa wakifika hapo, maji yamekuwa tope, na tope lenyewe lina mkojo wa nyumbu.

Lakini Tembo na Mchwa walikuwa watani. Mtani mnamjua. Ni yule anayekuja msibani kwako, anajilaza ndani ya kaburi, anasema hatoki mpaka apewe kuku. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umekosa wewe, unatozwa faini.

Tembo akitoka kunywa, tumbo limejaa, anauliza, "Mtani, mmekunywa?"

"Tumelamba, mtani!"

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba harufu yako! Ipo siku tutakupanda mgongoni tujenge choo!"

Tembo anacheka mpaka masikio yanapigana makofi. Anakwenda zake akisema, "Hawa watani zangu, hawa!"

Sikilizeni vizuri hapa. Mtani akiwa mdogo, tusi lake ni asali.

Ukaja ukame. Ukame, si mchezo. Hata kivuli cha mtu kilikuwa kinatafuta pa kujibanza. Kisima kikashuka. Wakubwa wakanywa, wa katikati wakalamba, Mchwa wakakuta udongo umepasuka kama kisigino cha mkulima.

Mkuu wetu alikuwa mama mmoja, Mtemi Nyamizi. Tumbo lake kama mtungi, hawezi kutoka nje, kazi yake kuzaa na kufikiri. Akawaita wanawe.

"Wanangu, maji ya juu yana wenyewe?"

"Yana wenyewe, Mama!"

"Na maji ya chini?"

"Hayana mtu, Mama!"

"Basi chimbeni."

Wakachimba. Kila mmoja anashuka anang'ata tonge la udongo, anapanda nalo, analitema juu. Maana udongo wa shimo utaupeleka wapi? Unauweka mlangoni. Wakachimba kwa wimbo, na wimbo ni huu, itikieni:

*Tema tope, weka tope!*

*— Mdogo wangu, nipokee!*

*Tema tope, weka tope!*

*— Leo goti, kesho kope!*

Kadiri shimo linavyokwenda chini, ndivyo lundo linavyokwenda juu. Mnaona? Wao wanatafuta maji. Lakini anayetazama kwa mbali haoni shimo, anaona lundo.

Na aliyetazama kwa mbali ni Tumbusi. Huyu ndege hali kitu mpaka mwingine afe, kwa hiyo amani kwake ni njaa. Akaruka mpaka kwa Tembo.

"Bwana Mkubwa, Mchwa wanainuka. Wamefika goti la Simba."

"Aa, watani zangu hao, waache wacheze."

Siku zikapita. Tumbusi akarudi.

"Bwana Mkubwa, Mchwa wanainuka. Wamefika kifua cha Kifaru."

Tembo akaacha kutafuna. "Kifua?"

"Kifua. Na wanaimba, leo goti, kesho kope. Sijui ni kope za nani."

Siku zikapita tena. Tumbusi akarudi mbio.

"Bwana Mkubwa! Kichuguu chao kimepita masikio yako!"

Tembo akatoka akatazama mwenyewe. Na kweli, kile kichuguu kilikuwa kimesimama, mawingu yanakizunguka yakiomba njia. Tangu azaliwe, Tembo hajawahi kutazama juu kumwona mtu. Shingo ikamuuma.

Simba akaja taratibu, akakaa kando yake.

"Mkubwa mwenzangu, unaona?"

"Naona."

"Hivi juzi juzi tu walikuwa wanalamba nyayo zetu. Leo wako juu. Kesho watatupangia zamu ya maji. Mimi sisemi neno. Mimi nauliza tu."

Tembo akamwambia Tumbusi, "Nenda kamwambie Nyamizi asimamishe kazi. Kichuguu kirudi kwenye goti langu, ndipo tutakaa vizuri."

Tumbusi akaenda, akatua juu ya kichuguu, akasema. Nyamizi akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa inapanda kwenye tundu kama moshi.

"Mwambie mtani wangu, kazi hatuwezi kuacha, wanangu wana kiu, maji bado kidogo tuyafikie. Na kama anaona kichuguu kirefu, akakope kigoda apande!"

Mchwa wote wakacheka, kichuguu kizima kikawa kinatetemeka kwa kicheko.

Tumbusi akaufikisha ujumbe. Lakini ya kiu na maji hakuyasema. Na kile kicheko alikiacha njiani. Akasema neno moja tu, kavu: "Nyamizi amesema, ukakope kigoda upande."

Lo! Lile tusi la kila siku, lile lile alilokuwa analichekea, leo likamwingia Tembo jichoni kama pilipili. Maana mtani akikua, asali yake inakuwasha.

"Kesho," Tembo akasema, "jua likifika utosini, nakanyaga."

Habari ikafika kwa Mchwa. Wakimbie? Mtemi hawezi kutembea. Mayai hayawezi kutembea. Watoto wachanga wamejaa vyumba vyote. Mkuu wa askari wetu, Magembe, kichwa chekundu, meno kama koleo, akapiga goti mbele ya mama.

"Mama Mtemi, omba radhi. Neno moja tu. Tubomoe juu, tubaki hai."

"Tukiacha kuchimba tutabaki hai siku ngapi, Magembe?"

Magembe akayatazama mayai.

"Halafu niombe radhi kwa lipi? Nimemtania mtani wangu. Siku nikiomba radhi kwa utani, nimekubali kuwa ulikuwa vita. Nenda kachimbe."

Wakachimba. Meno yameisha, wanachimba kwa fizi. Huyo ndiye Mchwa! Ndiyo damu hii mnayoiona hapa imekaa kwenye kigoda inawasimulia!

Jua likafika utosini. Wanyama wote wamekuja, wamejipanga. Tumbusi amekaa kwenye mti mkavu, kichwa wazi juani, anameza mate. Tembo akaja. Puu. Puu. Puu. Simba yuko nyuma yake anamhimiza.

"Kanyaga, mkubwa mwenzangu!"

Tembo akainua mguu. Kivuli cha mguu kikafunika mlango wa kichuguu, na humo ndani kukawa giza. Sauti ya Nyamizi ikapanda kwenye tundu.

"Mtani! Huo mguu umeuosha? Nina watoto wachanga humu!"

Mtu mmoja kwenye umati akacheka, nadhani Ngiri, hana adabu yule. Sikio la Tembo likacheza kidogo. Mguu ukabaki juu.

"Kanyaga!" Simba akasema.

"Mtani! Kanyaga, ila ujue unahamia kwetu. Chini ya huo mguu ni shimo tumelichimba kutafuta maji. Ukikanyaga unaingia mzima mpaka mkia. Na humu mgeni anafagia!"

"Unanitisha, Nyamizi?"

"Ningetaka kukutisha ningekwambia? Ningetaka uanguke ningenyamaza!"

Mguu juu.

"Kanyaga! Anaongopa!" Simba akasema, lakini safari hii sauti ilitoka mbali.

"Mtani, la mwisho. Huyo anayekuhimiza, amesimama wapi?"

Tembo akageuka polepole, mguu bado uko hewani. Akatazama kushoto, hayupo. Akatazama kulia, hayupo. Akatazama kule nyuma kabisa, kwenye kichaka, akaona masikio mawili na kishungi cha mkia.

Maana Simba ni mtembezi wa usiku. Alishapita pale, akasikia ardhi inalia kama ngoma chini ya makucha yake. Alijua ni shimo. Alijua kabisa. Tembo akidumbukia, mkubwa anabaki mmoja, mchana wake, usiku wake.

"Mkubwa mwenzangu," Tembo akaita, "sogea basi tukanyage wote."

"Aa... mimi mguu unaniuma."

"Upi?"

"Yote."

Tembo akasimama. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kicheko kikamwanzia kwenye kitovu, kikapanda tumboni, kikapanda shingoni, kikatokea kwenye mkonga kama tarumbeta ya harusi. Akacheka, masikio yakapigana makofi, na ule mguu akaurudisha nyuma, taratibu, kama mtu anayenyata chumbani kwa mkwe.

"Mtani wangu," akasema, "kigoda nimekosa."

"Nilijua! Nani atakuazima, utakivunja!"

Hapo wanyama wote wakapiga kelele. "Amemnunia mtani! Faini! Faini! Faini!"

Magembe akatoka nje, kifua mbele, fizi zinavuja damu. "Faini yako, mtani, ni kazi. Sisi meno yameisha. Wewe unayo mawili, tena hayajawahi kufanya kazi."

Tembo akapiga magoti ubavuni mwa kichuguu, akachomeka pembe, akachimba kwa pembeni walipomwonyesha. Akachimba mpaka mgongo ukafuka vumbi. Na hapo hapo, jamani, haki ya nani, maji! Maji ya baridi, ukiyanywa jino linakumbuka utoto.

Tembo kuona maji, mkonga huo ukaingia. Mazoea hayo.

"Mtani!" Nyamizi akaita. "Zamu!"

Mkonga ukasimama. Nchi nzima inamtazama. Yeye ndiye Tembo, maji yako mbele yake, na sauti inayomzuia inatoka kwa kitu kidogo kama punje ya mtama.

Akarudi nyuma hatua moja. Akangoja.

Alingoja vizuri? Wapi! Alikuwa anahama, mguu huu, mguu huu, anapepea masikio, anakohoa. Na sisi tukanywa. Tulikunywa kwa pozi! Mchwa mmoja mmoja, tunakunywa, tunajipangusa, tunatazama mawingu. Hakuna aliyetuharakisha. Nawaambia, tangu siku ile ukoo wetu hatunywi maji tumeinama, tunaleta kata mdomoni.

Zamu ya Tembo ikafika, akanywa, akashiba. Akajitazama. Miguu ipo. Masikio yapo. Ukubwa wake wote upo, haujapungua hata kilo. Akajisugua ubavu kwenye kichuguu, akasema, "Kumbe mtani mrefu ana faida, nilikuwa sina pa kujikunia." Ndiyo maana mpaka leo tembo akiona kichuguu anakwenda kujisugua. Kamwangalieni.

Simba naye alikunywa, zamu yake, hakuna aliyemfukuza. Ila kila akipita mtu anauliza, "Mguu vipi?" Na Tumbusi alikaa juani akingoja maiti mpaka manyoya yakamnyonyoka kichwani. Hayajarudi.

Sasa nyie mnapenda kuuliza, taifa dogo likiinuka haraka, wale wakubwa wa dunia si wataanguka? Mimi shule niliiona siku nilipoibebea matofali, lakini hili nalijua kuliko mwalimu. Aliyesimama haangushwi na anayeinuka. Huanguka akienda kumkanyaga. Jirani yako akiinuka usimpime urefu, muulize anachimba nini. Na anayekuhimiza ukanyage, kwanza tazama amesimama wapi.

Ngano imekwisha chunguni. Aliyeshiba ashukuru, asiyeshiba arambe mwiko.

Ila nawaomba jambo moja. Msiirudie popote. Hata kwa mke, hata kwa mkwe. Tembo akiisikia atacheka tu, ni mtani wetu. Lakini Simba hatuna utani naye.